Ala Mbili Kiunoni mwa Mume Wangu

Bi Benedicta mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana furushi la nguo liko mlangoni na kaka yangu wa Kiegeani nimeshampigia simu kwamba nakuja. Mimi ni mke wa Mfaume wa hapa Ndagoni, mwaka wa sita sasa, watoto wawili, hajawahi kunipandishia sauti, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtu mpole namna hiyo ukimkuta na siri hujui hata ugomvi uuanzie wapi.

Mume wangu ni mvuvi, na tangu mambo ya hifadhi ya bahari yaingie yumo kwenye kamati ya kijiji, wale wanaozamia kutoa nyavu zilizonasa kwenye matumbawe, na kwa kazi hiyo ana kisu cha kukunja alichopewa na mgeni, kizuri, kinafunguka kwa dole gumba. Alikuwa anakitia mfukoni, mara mbili nusura kipotee, ndipo nikaamua kumshonea ala ya mkandani. Ngozi niliikata kwenye mkoba wa marehemu baba, ndugu zangu wakaninunia, nikashona siku nne, ala ya kusimama, inaning'inia wima pajani, ina kifuniko kirefu na kifungo cha shaba, na pembeni nikatoboa vinyota vidogo. Mfaume alipoivaa alitoka nayo mpaka dukani kununua kiberiti, na kiberiti tulikuwa nacho.

Basi mwezi wa tatu walikwenda dago Shungimbili, kambi ya siku tatu, akarudi mguu umechunika kuzunguka kifundo, akasema kateleza kwenye matumbawe, na ala yangu imevimba kwa maji, kifungo kimeng'oka na uzi wake. Nikamhurumia, nikakishona upya, safari hii uzi mara mbili, na kifuniko nikakikaza. Akanishukuru, akaivaa tena mkandani.

Juzi nikamfuata pwani kumpelekea chai aliyoisahau, nikamwona nyuma ya mitumbwi anavua ala yangu, anaifunga kwenye kitambaa kikavu, anaitia kikapuni, kisha anavaa ala nyingine nyeusi, ya mpira wa tyubu ya pikipiki, mbaya kama nini, imelala kiunoni kama mtu mgonjwa, haina kifuniko, mdomo wazi! Nikaulizia, nikaambiwa kaishona Chiku, mwenzao wa kamati, mkulima wa mwani, ameachika mwaka jana. Nikamfuata majini kwenye mwani wake, akanijibu, "Da Kidawa, mie sina neno, kamuulize mumeo." Sasa mama, asiye na neno anamshonea mume wa mtu kitu cha kuvaa kiunoni? Kila asubuhi anatoka na yangu, jioni anarudi na yangu, mimi nafanywa mjinga ndani ya nyumba yangu. Niondoke au nisiondoke?

Kidawa, Ndagoni

*

Kidawa mwanangu, marahaba. Majina yote nimeyabadilisha, kwa hiyo watu wa Ndagoni msianze kuangaliana viunoni.

Shusha pumzi kwanza. Barua yako nilimsomea mume wangu Yohane, ambaye ameshona viatu na mikanda miaka ishirini na sita hapa Kilindoni. Alikuwa anacheka mpaka nilipofika kwenye mguu uliochunika. Hapo akaacha kucheka. Akasema, "Huyo bwana alinaswa na wavu, na kisu hakikutoka."

Nikamwambia anieleze. Ala ya kusimama yenye kifuniko, kwa mtu wa nchi kavu, haina mpinzani: atembee, apande pikipiki, kisu hakidondoki. Lakini ngozi hunywa maji. Ikilowa huvimba, kifuniko hung'ang'ania, na mtu aliyejikunja chini ya mwamba ana mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Ile ya mpira hainywi maji. Imelala kiunoni, pale mkono unapofika wenyewe, na huo mdomo wazi unaouonea aibu ndio unaoachia kisu kwa mvuto mmoja. Kifungo chako hakikung'oka, mwanangu. Nadhani kiling'olewa na mtu anayeishiwa na pumzi. Nawe ukakishona tena, uzi mara mbili.

Usilie, hukujua. Ugomvi wangu ni na Mfaume, na kama anasomewa haya asikie vizuri: kumficha mke jambo la kufa na kupona si upole, baba, ni woga. Ingawa namwelewa. Angeanzaje kukwambia kwamba ngozi ya mkoba wa baba yako nusura imzike? Akaona bora aivae kwenda na kurudi, na katikati aifunge kwenye kitambaa kikavu isiguswe na chumvi. Mwanamume anayehangaika hivyo nyuma ya mitumbwi kila asubuhi anakupenda kupita kiasi.

Na wewe pia nina neno nawe. Umefunga furushi, umempigia kaka, umemfuata Chiku majini, umeniandikia mimi. Aliyebaki kuulizwa ni mwenye kiuno!

Usiniamini mimi. Akirudi jioni, chukua kisu chake, kitie kwenye ala yako, funga kifungo, iloweke ndooni tangu unapobandika wali mpaka uive. Kisha piga magoti mbele yake, fumba macho, ziba pumzi, ukitoe kwa mkono mmoja. Halafu umwombe ile nyeusi, ufanye vivyo hivyo. Nakuhakikishia hutamaliza la pili kabla hajaanza kusimulia mwenyewe.

Ala ya baba yako ibaki ya nchi kavu, Ijumaa, Idi, na safari za kiberiti. Ya baharini mshonee wewe, ya mpira, ya kulala, bila kifuniko, na kamba fupi ya kukifunga kisu kwenye mkanda. Vinyota vyako vitoboe humo humo. Yohane anasema maji yatapata pa kutokea.

Furushi lifungue leo. Kesho nenda kwa Chiku, na habari za mume usizitie mdomoni. Muulize mpira ule aliutoboa kwa sindano gani, mkae mshone pamoja. Ukiaga, mwambie ahsante. Atajua ni ya nini.