Madirisha Yasiyofunguka

Mwanangu kipenzi, fundi wa mafundi,

Sisi wazima, na mtaa mzima umeshayaona mabehewa madogo uliyotutengenezea. Jirani yangu mshonaji alitaka kuyagusa, nikamwambia akanawe kwanza. Rangi ile! Viti vile kama punje za mchele! Nimewaambia wote, huyu nimemzaa mimi.

Unajua tangu uondoke bila kuaga, baba yako akikutaja ni "mwanao" tu, kana kwamba nilikuokota sokoni. Basi juzi aliyachukua kimya kimya, akayafunga nyuma ya garimoshi lake la mvuke, lile analochezea mezani tangu astaafu udereva wa treni. Kwenye kona yakapinduka yote, yakamwaga chai yangu.

"Marefu mno," akasema. "Tena ya kisasa. Treni ya mvuke huvuta mabehewa mafupi ya mbao, yenye madirisha ya kufunguka. Haya hayafunguki. Abiria atampungiaje mama yake mkono?"

Akayafuta chai moja moja kwa shati nililolipiga pasi asubuhi, wala sikumgombeza. Kisha akasema, "Mwandikie mwanangu aje ayafupishe mwenyewe. Nitamwonyesha."

Umesikia? Mwanangu! Nikamuuliza, "Wako tangu lini?" Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Kitanda chako nimeshakitandika.

Ni mimi mama yako. Baba yako kasimama nyuma yangu anasoma haya yote, anajifanya anatafuta miwani.