Kambare Mkubwa wa Sebuleni

9 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Natumai u mzima huko ugenini. Sisi tu wazima, ila kifua bado kinanisumbua kidogo. Si cha kukutia wasiwasi. Mama yako anauliza kama unakula.

Nimefunga karakana. Vioo vilivyobaki nimeviunganisha kuwa tangi la samaki, refu kuliko kochi. Mama yako anasema miaka arobaini nimekata vioo vya watu kwa akili zangu, sasa zimeniruka. Nataka kambare mmoja, mkubwa, wa kumtazama nikiwa nimekaa. Wewe ndiye unayeuza samaki wa mapambo, niambie nimchagueje. Na je, mdogo akilishwa vizuri, huchukua muda gani kufikia urefu wa mkono?

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kifua. Mimi sijambo, ni kazi tu inanichosha. Mwambie mama nakula mpaka nguo zinanibana.

Nunua mdogo, wa urefu wa kidole. Sharubu ziwe nzima, tumbo lisiwe limebonyea, na umwone akila kabla hujamchukua. Usimchanganye na visamaki vingine, atavimeza. Urefu wa mkono ataufikia kwa mwaka na nusu. Mkataba wangu unaisha Desemba ya mwakani, kwa hiyo nitamkuta kashakuwa bwana mkubwa!

Mwanao

20 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Sisi tunaendelea, namshukuru Mungu.

Usinigombeze. Nimechukua mkubwa. Muuzaji anasema waliokuwa wakimfuga walihama nyumba. Nikikaa kitini anakuja kwenye kioo, tunatazamana mpaka chai inapoa. Ana sharubu kama za mjomba wako, na uvivu pia ni ule ule. Nimefurahi kama mtoto.

Mwaka na nusu ni muda mrefu, mwanangu. Huna likizo yoyote kabla ya hapo? Nauliza tu.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumai kifua kimetulia.

Umepigwa changa la macho! Kambare mkubwa dukani ni samaki aliyechokwa na mtu. Hujui umri wake wala maradhi yake. Siku akikurupuka akagonga kioo, sebule nzima itaoga. Tafadhali mrudishe, uchukue mdogo kama nilivyokuambia. Uliniuliza mimi mtaalamu, au ulikuwa unanitania?

Likizo ya mwaka huu nimempisha mwenzangu anayeolewa. Desemba ya mwakani si mbali.

Mwanao, mwenye hasira kidogo

30 Juni

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi. Siku ile kwenye simu, baada ya mazishi, ulilia na mimi nikalia mpaka salio likaisha. Naandika sasa.

Daktari alimwambia baba yako tangu Januari kwamba hataufikia Agosti. Alinikataza nisikuambie, usije ukaacha kazi. Ndiyo maana alitaka mkubwa. Hakuwa na muda wa kusubiri mdogo akue.

Barua yako aliisoma mara mbili. Akasema, "Mtaalamu kasema." Akamrudisha yule mkubwa dukani mwenyewe, na ndoo mkononi, akaja na mdogo. Alikataa nimsaidie, na njiani alipumzika mara nne.

Huyu mdogo mchana kutwa hujificha chini ya kigae. Baba yako alikaa kitini wiki zote zile akitazama maji matupu. Nikimuuliza kama amemwona, anasema, "Leo nimeona sharubu." Alikuwa ananidanganya, nami nilimwacha anidanganye.

Nilikukasirikia, mwanangu, sitakuficha. Hata jina lako sikutaka kulisikia. Sasa hasira imeisha, nimebaki na huzuni tu, na nyumba imekuwa kubwa.

Jana asubuhi nilimwona huyu samaki mdogo ametoka, anazunguka pale mbele ya kiti. Amefika kidole na nusu. Nimempa punje tatu za chakula, sijui kama zinatosha. Niandikie.

Mama yako