Wanaokimbia kwa Starehe

Jumamosi, 3 Mei
Nimejiunga na klabu ya mbio. Mhariri wangu gazetini alicheka mpaka akakohoa. Wenzako wanakimbia mabomu, kasema, wewe unakimbia kitambi! Tuko wachache: muuguzi, fundi simu, mwalimu ambaye shule yake imefungwa. Kiongozi tunamwita Kocha; kabla ya vita aliuza magodoro. Masharti yake mawili — fulana ya rangi ya machungwa, na soga za sauti njia nzima. Hapa ukikimbia kimya, mtaa mzima unakufuata. Mwezi uliopita wanaklabu walipita foleni ya maji kimya, bila fulana. Watu wakakanyagana. Mzee mmoja kavunjika nyonga.

Jumamosi, 10 Mei
Kwenye foleni kina mama walishika ndoo, macho kwetu, tayari kutimka. Kocha akapaza sauti: "Starehe tu, mama zangu!" Wakatulia. Dada yangu alikuwamo, akajifanya hanijui. Nyumbani nikamwambia: ukiona fulana hizi, usihangaike.

Jumatano, 21 Mei
Mizinga imenyamaza tangu juzi. Wodi ya muuguzi imeamriwa kuhamisha vitanda vilivyo karibu na madirisha. Sababu hakuna aliyeitaja.

Jumamosi, 24 Mei
Foleni imetuzoea. Sasa ni utani tu! "Jamani, hamjafika bado?" Dada naye: "Kaka, mbona tumbo liko palepale?" Kocha anachekelea.

Jumamosi, 31 Mei
Naandika nikiwa kwenye ghala la chini, hospitalini.

Kwenye kona ya stesheni tuliona vifaru vikishuka kilimani. Tukageuka. Tulifika kwenye foleni tukipiga kelele — kimbieni, wanakuja! Jenereta ya pampu inanguruma pale, walio nyuma ya foleni hawasikii kitu. Foleni ikacheka. Mmoja akauliza leo tumekula nini. Dada akanipigia makofi.

Hakuna aliyesogea.

Kocha akavua fulana, akaitupa chini, akatimka bila neno. Hapo wa mbele wakashtuka. Ndoo zikaanguka. Nilimshika dada mkono, akajichomoa: zamu yake ilikuwa imefika, mfereji wa maji ulikuwa wake. "Acha mchezo, kaka, najaza nakuja." Umati ukanibeba hadi hapa.

Milio imeanza huko juu. Kocha anataka kufunga mlango. Nimeweka mguu; dada hajafika. Muuguzi ananisihi niutoe, kuna watoto humu.

Vishindo ngazini. Anayeshuka hakimbii.