Shikamoo, mzee Petro

Kigwa, Jumanne usiku

Namba zilikataa kutulia leo. Nimesimama na fimbo ya GPS ya kupimia mpaka kando ya kaburi la mzee Petro, viwianishi, zile namba za mahali, vinarukaruka kwenye skrini, mwinuko unapanda na kushuka. Mjane wake, Mama Paulina, roho juu. Jirani anauza shamba, na kaburi likiangukia upande ule...

"Baba, umemsalimia mwenyewe?" mama akaniuliza.

"Nani?"

"Huyo uliyemsimamia kichwani."

Mtu mzima na kitambi changu, nikavua kofia. "Shikamoo, mzee."

Namba zikatulia. Najua, ni setilaiti tu. Nikapima: kaburi liko ndani ya shamba lake.

Mama Paulina akainama, akaligusa kwa kiganja. "Umesikia, mume wangu? Huhami."

Mimi nikajifanya nafuta skrini.