Paa la Jiko la Mama

Dada yangu Nafula,

Nakusalimu kutoka Woodley, mtaa wa Wazungu, ninakobeba mawe ya nyumba ambazo sitalala ndani yake. Mvua haikatiki. Tumbaku ya Mama imebaki ya kujaza kiko mara moja tu, kwa hiyo jana nilishuka mjini kwa muuza tumbaku, mzee wa Mombasa, nikamwomba anichanganyie iliyo kama hiyo. Aliinusa, akacheka mpaka kofia ikamponyoka.

“Ndugu yangu, hii si tumbaku, hii ni paa la jiko. Mimi siuzi mapaa.”

Watu dukani wakacheka. Nami nikacheka, maana alisema kweli. Si Bibi aliyeianza, mwaka ule jua lilipokataa kutoka? Alichanganya majani yetu makali na yale laini ya mlimani, akayapaka asali, akayatundika chini ya paa, juu ya moto wa kupikia, moshi uyakaushe. Mama akarithi moto uleule.

Mama alipofariki nilinyimwa ruhusa ya kuja kumzika. Sasa ndugu yetu Barasa ameniandikia kwamba jiko la Mama litabomolewa Jumamosi, kama ilivyo desturi mwenye jiko akifa. Dada, yashushe majani kwanza. Lakini leo ni Alhamisi, na kadi hii ya posta haina mbio. Utakapoisoma, paa litakuwa chini.

Ile tumbaku ya mwisho siivuti. Nainusa tu, kisha naifunga tena.

Wasalimu watoto. Moto wako usizimike.

Ndugu yako,
Wanyonyi