Injera Kubwa Kuliko Kikaango

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Bahir Dar. Natumaini wewe na Mama hamjambo, goti lako limepata nafuu, na mdogo wangu Meseret ameacha kuwapima mbuzi mapigo ya moyo. Mimi ni mzima, ila vipeuo vya pili vimeniteka akili.

Mwalimu wa hisabati alituambia tuchore mraba wenye eneo la moja, tupitishe ndani yake mstari uliopinda, yaani mkunjo wa kipeuo, kisha tutafute eneo la chini ya mkunjo. Unajua tunavyosoma hapa kwa vikundi, watano nyuma ya mmoja. Kiongozi wetu, Yared, alipata moja na nusu, nasi tukanakili. Baadaye nikaitazama picha. Kipande kitazidije mraba mzima? Nikamwambia Yared kwamba mkate wa injera hauwi mkubwa kuliko kikaango chake. Akacheka, eti, "We daktari mtarajiwa, kariri kanuni ufaulu, uende zako!" Kumbe alizidisha mahali pa kugawanya.

Jibu ni theluthi mbili. Kanuni inalitoa upesi, lakini haisemi kwa nini, na hilo lilinikera. Nikachora mraba mwingine, ndani yake mkunjo wa kipeuo na ule wa namba kujizidisha yenyewe, nikaikunja karatasi kona kwa kona na kuiinua dirishani. Baba, mikunjo ililaliana! Kumbe ni mkunjo uleule, umegeuzwa tu. Chini ya ule wa pili tulishapata theluthi moja, na ndiyo hiyohiyo inayobaki juu ya kipeuo. Chini yake basi ni theluthi mbili. Nilipiga ukelele, bweni zima likadhani nimeona nyoka.

Sikupiga simu kwa sababu ungenikatiza. Jana tulijaza fani za kusomea. Alama zangu zinatosha udaktari, lakini nimeandika hisabati. Naogopa sana, maana miaka yote uliyofunga watu vidonda pale zahanati ulisema mwanao ndiye atakayekalia kiti cha daktari. Sikukudharau, Baba. Dirisha la kubadili linafungwa Ijumaa ijayo, na ukisema nibadili, nitabadili.

Ila kabla hujasema, chukua karatasi niliyoiweka humu, ikunje, uiinue kwenye mwanga. Ukiona nilichokiona, kile kipimo cha moyo ulichonitunzia ukutani mpe Meseret. Mbuzi wameshamzoea.

Mama msalimie sana, na majirani wote.

Binti yako akupendaye,
Hirut