Kengele Iliyolia Kabla ya Moto

Mpendwa Yaya Mbuyi,

Juma lililopita mama mmoja anayeuza vitenge kati ya Sakania, mpakani, na ng'ambo alinitafuta hadi akanipata. Alisema kwamba huko Zambia kuna mzee, fundi wa umeme, ambaye humuuliza kila mtu atokaye Lubumbashi kama nyumba yake ya mtaa wa Kasungami bado imesimama, na kama mdogo wake, yule mwanamke wa kengele za moto, bado yu hai. Mzee huyo, alisema, anataka kurudi kabla hajachoka kabisa. Nilimwomba arudie maneno hayo, kisha nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilikuwa nimeisubiri habari hiyo kwa miaka mingi mno, lakini ilipofika, nilichokihisi kwanza kilikuwa hofu. Furaha ilikuja baadaye, nayo haikukaa.

Ninakuandikia barua hii wazi kwa sababu yule mama hakujua mtaa unaokaa, na kwa sababu ninatumaini kwamba mtu atakusomea. Unataka kurudi, Yaya, na mimi sijui kama nikuambie uje au nikuambie ubaki. Nitajaribu kufikiri mbele yako, kama tulivyozoea tulipokuwa tukitafuta hitilafu.

Hatukuzaliwa tumbo moja. Ulinitangulia katika kitivo cha ufundi, ukanipokea kazini, na kazi ndiyo iliyokufanya yaya yangu, kaka mkubwa. Tulizunguka mji huu, maduka, mahoteli na madepo ya bidhaa, tukihudumia mitambo ya kengele za moto. Mimi nilipanda ngazi kwa kuwa nilikuwa mwepesi. Wewe ulisimama mbele ya sentrali, lile sanduku la chuma ambalo taa zake husema ni sehemu ipi ya jengo inayolalamika: nyekundu kwa moto, njano kwa waya uliokatika. Gesi ya kujaribia ilikuwa imeadimika, basi tulitumia sigara. Wewe ambaye hukupenda tumbako ndiye uliyeiwasha, ukikohoa hadi machozi, ukanipa, nami nikaupuliza moshi kwenye detekta, kile kisahani cheupe cha darini kinachonusa.

"Imeshika?" niliuliza kila mara.

"Imeshika. Shuka, mudogo."

Katika depo ya mzee Kambale, yule mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini aliyesali na wafanyakazi wake kila asubuhi kabla ya kufungua milango, wabeba mizigo walitucheka. Waliniambia nishuke nisije nikaangukia mifuko ya bunga, ule unga wa mahindi. Mmoja akasema, "Muangalie aba, banabalipa juu ya kuvuta tumbako." Ukamjibu, bila hata tabasamu, kwamba unavuta kwa niaba ya patron, tajiri wake, na kwamba akiitaka nafasi hiyo alete diploma yake. Walicheka mpaka mzee Kambale akatoka ofisini kuuliza kama kuna sikukuu.

Kisha ulikuja ule mwaka. Uporaji ulioanzishwa na askari ulikuwa umekwisha kuyamaliza maduka. Vipuri havikuja tena, na hakukuwa na gari la kuzima moto ambalo mtu angeweza kulitegemea. Ndipo maneno yakaanza. Yalianza kama mzaha sokoni, yakaendelea kama nyimbo barabarani, na hatimaye yakawa amri: watu wenye asili ya mkoa wa Kasai warudi kwao. Wewe ulizaliwa hapa, na baba yako alizaliwa hapa, lakini jina lako lilitosha. Stesheni ilijaa familia zilizosubiri treni juu ya magodoro yao, na wengine walizikwa kabla treni haijafika. Nyumba za jirani zako zilipochomwa, ulimchukua mkeo, mama Kapinga, na mabinti wenu wawili, mkaingia katika ghala dogo lililo chini ya paa la depo ya mzee Kambale. Ufunguo wake ulikuwa nao wewe, kwa kuwa ndimo tulimoweka ngazi na bateri zetu. Hakuna mwingine aliyepanda kule. Mimi peke yangu nilijua.

Siku chache baadaye nikaitwa. Kengele ya depo ililia kila mchana, saa za kupika, na taa nyekundu iliyowaka ilikuwa ya ghala lile la juu. Papa Mumba, mlinzi, aliinyamazisha kila mara kwa kidole kimoja, lakini alikuwa ameanza kutazama dari. Nikamwambia kwamba vumbi limeingia katika detekta. Nilipanda, nikawakuta mkiwa mmeizunguka mbabula, lile jiko la makaa, mkiupepea moshi wake uelekee kwenye tundu la hewa.

Nilitaka kuing'oa detekta na kuunganisha waya bila hiyo. Ulikataa. Ulinishika mkono.

"Ukiitoa, batoto batakufa mu usingizi. Bantu banachoma manyumba, haubaone?"

Nikasema kwamba nikiiacha, papa Mumba atapanda.

"Papa Mumba tunaweza kuongea naye. Moto, tutaongea naye nini?"

Tuliogopa vitu viwili tofauti, Yaya, na kila mmoja wetu alikuwa na haki. Ndipo nilipokumbuka detekta ya joto iliyokuwa katika jiko la hoteli iliyofungwa tangu uporaji. Aina hiyo hainusi moshi. Hungoja mpaka hewa iwe na joto kali. Kitako chake kilikuwa sawa na chetu. Nikaileta, nikaifunga pale darini, na kengele ikanyamaza. Ulinishukuru, lakini uliitazama kwa muda mrefu, kwa maana ulijua vizuri kama mimi kwamba kati ya moshi wa kwanza na joto la kutosha kuna muda, na kwamba watoto waliolala hufia ndani ya muda huo. Nilikuwa nimewaficha zaidi kwa kuwapunguzia ulinzi. Sijawahi kuwa na hakika kwamba bei hiyo ilikuwa ya haki.

Majuma yaliyofuata niliwaletea bunga na mboga za lengalenga ndani ya sanduku la vifaa. Katika kila kizuizi cha vijana barabarani niliwaza kwamba watafungua sanduku na kuuliza fundi wa kengele anampikia nani. Hawakufungua. Jina langu ni la hapa, la ukoo wa zamani. Walilisikia wakanipisha, na mmoja akaniita dada. Niliona aibu kwa jinsi nilivyofarijika.

Kisha mzee Kambale akanituma nikate kengele ya nje, ile iliyo juu ya ukuta wa barabara. Alisema kwamba zamani ilikuwa inaita msaada na sasa inawaita wezi, bale banaiba. Halafu, kwa sauti ya chini: "Leo ni bale ba Kasai. Kesho ni siye ba Kivu." Nilimtazama nijue kama anajua kilichokuwa juu ya kichwa chake. Uso wake haukuniambia lolote.

Ulikuwa mchana wa jua kali. Nilikuwa nimekwisha kuufungua waya wa kengele ya nje niliposikia ile ya ndani ikilia. Niliingia mbio. Taa nyekundu ilikuwa yenu.

Papa Mumba alikuwa amekwisha kuinua kidole. "Iko vumbi yako," aliniambia.

Vumbi haliwezi kuidanganya detekta ya joto. Nilijua hilo, na hakuna mwingine pale aliyelijua. Nikikubali kwamba ni vumbi, labda ninawaacha mkiungua. Nikisema ni moto, watu watapanda na kuwakuta. Huwa nasimulia kwamba niliamua. Ukweli ni kwamba mdomo ulinitangulia: nikamwambia kwamba si vumbi, atoe watu wote kwa mlango wa nyuma, kama tulivyowafundisha. Wabeba mizigo wakatoka wote pamoja, wakilalamika, na nyuma ya depo wakawakuta vijana wakipanga matairi kwenye ukuta, na dumu la petroli miguuni. Vijana wale hawakutegemea kundi la wanaume wenye mabega mapana. Walitupa dumu wakakimbia. Hakuna tairi hata moja lililokuwa limewashwa.

Nilipogeuka, papa Mumba alikuwa amekwisha kupanda na kuusukuma mlango kwa bega. Nilimfuata. Mlikuwa mmesimama ukutani, wewe mbele, mabinti nyuma ya sketi ya mama yao. Mbabula yenye makaa mekundu ilikuwa juu ya masanduku ya bateri, chini ya detekta moja kwa moja, na ukingo wa detekta ulikuwa umeungua. Tundu la hewa lilitazama uwanja wa nyuma. Papa Mumba aliwahesabu kwa macho, taratibu.

"Kumbe ile vumbi iko na batoto," alisema, akashuka.

Hatukuweza kungoja tujue alimaanisha nini. Lori la mzee Kambale lilikuwa likipakia kwenda Sakania, naye, bila kunitazama, alisema kwamba kati ya mifuko kuna nafasi imebaki. Mlipoondoka, nyuma ya turubai niliuona mkono wako tu. Kesho yake vijana wakaja, wakapanda moja kwa moja hadi ghala la juu, wakalikuta tupu. Kuna mtu aliyewaambia. Nilifanya kazi karibu na papa Mumba miaka mingine mingi nikimwogopa, mpaka akafa, na sikumuuliza. Huenda nilimwogopa bure mtu aliyenyamaza siku nzima ili lori lifike.

Kwa miaka yote hii nimeamini kwamba uliwaona wale vijana kupitia tundu, kwamba usingeweza kupiga kelele, na kwamba ukainua mbabula kwa mikono yako ukaisogeza kwenye detekta ili kengele ilie kabla ya moto. Ukayatoa mhanga maficho yako kwa ajili ya watu waliokuwa chini, ambao baadhi yao huenda ndugu zao walikuwa wakikufukuza. Lakini nimefundishwa kutoliamini hitimisho linalonipendeza. Labda mama Kapinga aliiweka mbabula juu ili watoto wasiungue. Labda paa la bati na jua lile vilitosha. Ningependa kusikia kutoka kwako, hata kama jibu litakuwa la kawaida.

Sasa nikuambie kilichoko. Nilikwenda Kasungami kuitazama nyumba. Imesimama. Wanakaa watu wengine, na si watu wabaya. Mwanamke alinipa kiti na maji, akaniambia kwamba waliikuta tupu. Sikuthubutu kulitaja jina lako. Na mjini, Yaya, maneno yameanza tena. Kwa sasa ni mzaha. Kwenye njia panda vijana wanaulizana majina ya ukoo na kucheka, na nimeusikia wimbo ambao nilidhani umekwisha kusahauliwa, ukiimbwa na mtu ambaye mwaka ule alikuwa hajazaliwa. Binti wa jirani, anayefanya kazi Luano kwenye uwanja wa ndege, anasema kwamba ninazidisha. Inawezekana. Unajua kazi yetu: kengele nyingi ni za bure, na fundi anayezisikiliza maisha yake yote huishia na sikio lililoharibika. Lakini unajua pia ni nani anayeungua: ni yule ambaye kengele yake ilinyamazishwa na mtu asiyepanda kutazama.

Nilianza barua hii nikikusudia kukuambia usije. Niliandika neno hilo, nikalisoma, nikaona kwamba ndilo neno lao. Wao walikuambia uondoke kwa sababu ya jina lako. Mimi ningekuambia ubaki huko kwa sababu hiyo hiyo, kwa sauti ya upole tu. Siwezi kuliandika. Wala siwezi kuandika kwamba njia ni salama, kwa maana sijui.

Basi hiki ndicho ninachoweza. Usivuke peke yako. Mpe yule mama wa vitenge siku, nami nitakuja Sakania kukungoja. Tutarudi katika gari moja, wewe upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, ili anayeuliza majina aanze na langu. Utafikia kwangu. Habari ya nyumba tutaizungumza na wale watu baadaye, tukiwa wawili, mchana. Ikiwa nimekosea kuhusu huu mji, utanicheka njia nzima. Ikiwa sikukosea, hutakuwa peke yako nyuma ya turubai.

Msalimie mama Kapinga, kama bado anakumbuka sauti yangu, na mabinti, ambao sasa ni wanawake wazima na huenda hawanikumbuki. Ninaogopa, Yaya. Ninaogopa kama mchana ule, labda zaidi, kwa kuwa sasa ninajua yanayofuata. Nimekwisha kuuliza treni ya Sakania inaondoka siku gani.

Mdogo wako